Mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi, na minyoo yetu haisikii dawa

Mshauri, shikamoo.

Mimi na mume wangu tunafuga mbuzi na kondoo, na mifugo hiyo ndiyo inayotuendeshea nyumba. Wa kuchinja tunauza wachache. Sehemu kubwa ya kipato chetu hutokana na mbegu, yaani mitamba na madume wanaonunuliwa na watu wanaoanza ufugaji au wanaotaka kuboresha makundi yao. Sifa tuliyo nayo ni kwamba wanyama wetu wanatunzwa. Mume wangu ni mtu wa utaratibu: kila mwisho wa mwezi kundi zima linapita mlangoni mwa zizi, mmoja mmoja, na kila mnyama ananyweshwa dawa ya minyoo. Hajawahi kuruka mwezi, hata alipokuwa anaumwa.

Mvua zilizopita tulianza kupoteza watoto wa mbuzi. Hawakuharisha. Kinyesi kilikuwa vigololi vya kawaida, ndiyo maana hatukufikiria minyoo. Mtoto anaruka vizuri leo, baada ya siku chache anabaki nyuma ya wenzake, anavimba chini ya taya, na ukimfunua mdomo fizi ni nyeupe. Kisha anakufa. Mume wangu alibadilisha dawa, akabadilisha tena. Chupa zilikuwa na majina tofauti, hali ikabaki ile ile.

Niliita daktari wa mifugo bila kumwambia mume wangu kwanza, na hilo lilimuudhi. Daktari alifunua kope za wanyama, akachukua kinyesi cha baadhi yao ambao tulikuwa tumewapa dawa si muda mrefu. Mayai ya minyoo yalikuwa mengi. Akasema inaelekea minyoo yetu imekuwa sugu, ila angependa kurudi apime vizuri, kabla ya dawa na baada ya dawa. Akatushauri pia tuache kunywesha kundi zima, tuwape wale tu ambao macho yao yamepauka. Mume wangu alimsikiliza, akamsindikiza kwa heshima. Aliporudi akaniambia kwamba daktari anayekuambia umwache mnyama bila dawa hajui uchungu wa kumzika.

Sasa shida yangu. Kuna binti mmoja, rafiki wa mdogo wangu, ambaye amekuwa akijinyima kwa muda mrefu ili aanze kufuga. Alikuja, akachagua mitamba, akatanguliza arbuni, na arbuni hiyo tumeshailipia ada ya shule. Atakuja kuwachukua mwisho wa mwezi. Ardhi yake haijawahi kukanyagwa na mbuzi wala kondoo. Mitamba aliyoichagua kwa uzuri wake imezaliwa na mbuzi wetu anayetoa maziwa kuliko wote, na huyo mama ndiye ambaye kila mara macho yake huwa meupe kuliko ya wenzake.

Nilimwambia mume wangu tumweleze huyu binti. Akakataa. Anasema minyoo iko kila mahali, hakuna mbuzi asiye nayo, na tukianza kutangaza ugonjwa wetu hakuna atakayenunua kwetu tena. Mpango wake ni kuwapa mitamba dozi nzito siku moja kabla ya kuondoka ili waende wakiwa safi. Hata beberu wetu wa sasa, anasema, tulimnunua mwaka jana kabla ya mvua kutoka shamba linalosifiwa, na hakuna aliyetusomea orodha ya magonjwa.

Mume wangu si mtu mbaya, mshauri. Ni mkweli katika mambo yake. Lakini nikimwangalia binti yule kwenye mawazo yangu, nakosa amani. Nikimwambia kwa siri, nimemsaliti mume wangu. Nikinyamaza, nimemuuzia mtu hasara huku najua. Nifanye nini?

Mama wa Zizi

*

Marahaba, mwanangu, na poleni nyote wawili. Nasema nyote kwa sababu katika yale maneno ya mume wako kuhusu kumzika mnyama nimesikia uchungu, na nadhani hata wewe uliusikia ndiyo maana ukayaandika.

Barua yako ina maswali mawili. Moja ni la zizini: je, kweli minyoo yenu imeshinda dawa, na ni dawa ipi? Jingine ni la ndani ya nyumba: umwambie mnunuzi jambo ambalo mume wako hataki aambiwe? Umeyaunganisha hata la pili linakuumiza usiku na mchana wakati la kwanza bado halijajibiwa. Ningependa tuyatenganishe kidogo. Kabla ya hapo, wale ambao macho yao ni meupe leo wasisubiri mazungumzo yetu. Mpigie daktari, mweleze dawa mlizokwisha kutumia, akupe ya kundi jingine kwa dozi ya mbuzi. Mnyama aliyevimba taya msimkimbize wala kumtembeza mbali, kwa sababu damu aliyobaki nayo ni kidogo na anaweza kuanguka akafa mikononi mwenu. Mpeni lishe nzuri yenye protini akiwa amepumzika.

Dalili ulizoeleza zinaelekea sana kwenye mnyoo ambao wataalamu huuita Haemonchus contortus. Unakaa kwenye tumbo la nne la mbuzi na kondoo na unafyonza damu. Minyoo 1,000 ya aina hii inaweza kumtoa mnyama karibu mililita 50 za damu kwa siku, na mtoto wa mbuzi mwenye mzigo wa namna hiyo hawezi kuhimili muda mrefu. Mara nyingi hauharishi, kwa hiyo msijilaumu kwa kutazama vigololi vizuri na kutulia. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Penye joto na unyevu, mayai yaliyoanguka na kinyesi huwa lava, yaani minyoo michanga, wenye uwezo wa kuambukiza ndani ya siku 4 hadi 7 hivi. Wanapanda kwenye majani mafupi pamoja na umande, mnyama anawala, na baada ya wiki 3 hivi nao wanataga. Ndiyo maana mvua ziliwaletea msiba haraka namna ile.

Sasa niruhusu nikuulize. Zile chupa za majina tofauti, mmesoma maandishi madogo? Mtu anaweza kubadilisha chupa mara nyingi na ndani yake kukawa na albendazoli ile ile, au ndugu yake fenbendazoli, ambazo mnyoo uliozoea moja huwa umeizoea na nyingine. Makundi makuu yanayotumika sana ni matatu: hilo la albendazoli, la levamisoli, na la ivamektini na moksidektini. Kama mmezunguka ndani ya kundi moja, basi mmejifunza jambo kuhusu kundi hilo tu. Mengine mawili hamjayajaribu.

Na dozi je? Mnapima uzito au mnakadiria kwa macho? Na mbuzi mmekuwa mkiwapa kipimo cha kondoo? Hili nalikazia, maana ni jambo linalowaponza wafugaji wengi wanaochanganya wanyama hawa zizi moja. Mwili wa mbuzi huivunja dawa ya minyoo haraka kuliko wa kondoo. Kwa dawa nyingi daktari humpa mbuzi mara moja na nusu hadi mara mbili ya dozi ya kondoo, ila kwa levamisoli haivuki mara moja na nusu, kwa sababu nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni ndogo. Mbuzi aliyepewa kipimo cha kondoo kwa miaka amekuwa akipata dawa pungufu kila mwezi, na dawa pungufu huua minyoo dhaifu ikaiacha ile migumu itage. Dawa iliyokaa juani, iliyopitwa na muda au iliyozimuliwa nayo hufanya vivyo hivyo.

Tena macho meupe hayatoki kwa minyoo hii peke yake. Minyoo bapa ya ini, magonjwa ya damu yanayoenezwa na kupe au mbung'o, hata njaa ya muda mrefu, vyote hupausha macho. Daktari wenu aliona mayai baada ya dawa, na hiyo ni dalili nzito, lakini yeye mwenyewe alisema anataka kupima vizuri. Nadhani alikuwa sahihi kuwa mwangalifu. Kipimo chenyewe si kigumu: wanyama 10 au zaidi wanachukuliwa kinyesi moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja, wanapimwa uzito, wanapewa dozi kamili, kisha wanachukuliwa tena kinyesi baada ya siku 10 hadi 14. Mayai yakipungua kwa chini ya asilimia 95, usugu unashukiwa. Yakipungua zaidi ya hapo, huenda tatizo lenu kubwa lilikuwa dozi.

Naelewa mume wako anaposhindwa kumeza neno la kuwaacha wengine bila dawa. Alichokuwa akifanya ndicho wafugaji duniani walichofundishwa kwa miaka mingi: kalenda ikifika, kundi zima linywe. Hakubuni yeye. Lakini fikirieni kinachotokea kwenye majani. Wanyama wote wakinyweshwa siku moja, mayai yote yanayoanguka malishoni kwa wiki zinazofuata ni ya minyoo iliyoponyoka dawa. Haina wa kuchanganyika nayo. Mkiwaacha wenye afya bila dawa, wanaendelea kudondosha mayai ya minyoo ambayo bado inakufa kwa dawa, na mchanganyiko huo ndio unaoichelewesha ile sugu isitawale. Katika kundi, wanyama wachache hubeba sehemu kubwa ya minyoo yote, na hao ndio wenye haja ya dawa.

Tena hili si la zizi lenu peke yake. Dawa ya thiabendazoli iliingia sokoni mwaka 1961, na kufikia 1964 tayari minyoo ya kondoo iliyoizoea ilikuwa imeripotiwa. Monepanteli, dawa ya kundi jipya kabisa, ilianza kutumika New Zealand mwaka 2009, na mwaka 2013 usugu wake uliripotiwa huko huko. Mwambie mume wako hayo kwa upole, maana mtu akidhani yeye ndiye aliyeharibu, atajitetea tu.

Utaratibu wake, kwa kweli, ndio unaohitajika sasa. Kuna kadi ya rangi iitwayo FAMACHA, iliyotengenezwa Afrika Kusini, inayolinganisha utando wa ndani wa kope na rangi tano: 1 ni nyekundu nzuri, 5 ni nyeupe. Wenye 4 na 5 hupewa dawa. Wenye 3 huangaliwa, na kama ni watoto, wenye mimba au wanaonyonyesha, wengi huwapa pia. Ila ni kazi. Wakati wa mvua kope zinafunuliwa kila wiki au mbili, mtu akizembea anazika. Na kadi inakamata minyoo inayofyonza damu tu. Ile inayoharisha na kukondesha haioni. Mtu ambaye hajawahi kuruka mwezi hata akiumwa anaiweza kazi hiyo kuliko wengi ninaowafahamu.

Tuje kwa binti.

Mume wako anasema hakuna mbuzi asiye na minyoo, na katika hilo amesema kweli. Mahali ambapo mimi ningesimama kidogo ni kwenye dozi nzito ya siku moja kabla. Inaonekana kama kumsafishia mtu mzigo. Lakini kama minyoo yenu ni sugu, dozi hiyo itaua iliyo dhaifu na kuacha sugu peke yake, kisha mitamba itashuka kwenye ardhi ambayo haina mnyoo mwingine wa kuchanganyika nayo. Binti hatarithi sehemu tu ya tatizo lenu, atalipata likiwa limekamilika zaidi kuliko lilivyo kwenu, na dawa ya kwanza atakayonunua huenda isifanye kazi. Sidhani mume wako analijua hilo. Ningeshangaa kama angelijua na bado akapanga hivyo. Kuna jambo jingine pia: dozi ya kuzidisha kiholela si salama, na kama mitamba imepandwa, albendazoli mwanzoni mwa mimba inaweza kudhuru kilicho tumboni.

Kumwambia binti kwa siri ni njia uliyoitaja. Ingemlinda, na ingekupa usingizi kwa muda. Mume wako akijua, na mambo ya namna hii hujulikana, atakumbuka daktari uliyemwita bila yeye, na hii itakuwa ya pili. Huenda akaacha kusikia lolote kuhusu minyoo kwa sababu ya namna lilivyomfikia. Kunyamaza nako kuna bei yake, na umeshaanza kuilipa.

Kati ya hizo mbili naona njia nyingine ambazo hukuziandika, nazo hazikosi hatari. Mnaweza kuomba muda hadi kipimo kitoke. Hapo mtakuwa mnazungumza kwa ushahidi, na kama tatizo lilikuwa dozi, mazungumzo yatakuwa mepesi zaidi. Lakini binti amepanga maisha yake kwa tarehe ile, kipimo kina gharama, na majibu yanaweza kuwa mabaya kuliko mnavyodhani. Atauliza pia kwa nini mnachelewa, na hapo mtahitaji kuwa mmekubaliana la kusema.

Mnaweza pia kubadilisha namna ya kukabidhi. Mitamba inatengwa mahali pakavu bila kula majani ya chini, daktari anawapa dawa za makundi mawili au matatu tofauti siku moja, kila moja kwa dozi yake kamili na bomba lake, bila kuzichanganya kwenye chupa. Baada ya siku 10 hadi 14 kinyesi kinahesabiwa mayai. Yakiwa hayapo, mnyama anaondoka na karatasi ya majibu mkononi. Hiyo ni njia ambayo mfugaji yeyote anayeingiza mnyama mpya angefanya vyema kuidai. Itawagharimu, na kama minyoo yenu imezoea makundi yote, mayai hayatakwisha, na mtarudi kwenye swali lile lile mkiwa na pesa kidogo zaidi. Wala majibu safi hayahakikishi kwamba hakuna hata mnyoo mmoja uliobaki.

Na kuna uchaguzi wa mitamba yenyewe. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na barua yako. Uwezo wa mnyama kuvumilia au kuzuia minyoo hurithiwa kwa kiasi fulani. Kondoo wa Red Maasai wanajulikana kwa hilo, wakati Dorper, wenye mwili mkubwa na wa kuvutia, huelemewa na mnyoo huu huu mapema kuliko wao. Ndani ya kundi moja pia iko hivyo. Mama anayetoa maziwa mengi anatumia mwili wake sana na kinga yake hupungua, hasa karibu na kuzaa na wakati wa kunyonyesha, kwa hiyo weupe wa macho yake si lazima uwe wa damu ya ukoo. Lakini anayepauka kila mara kuliko wenzake anauliza swali ambalo mnunuzi asiye na uzoefu hawezi kulijua kwa kuangalia ngozi inayong'aa. Je, wapo mitamba wengine, pengine wasio wazuri sana kwa macho, ambao mama zao hawajawahi kuhitaji kunyanyuliwa? Mngeweza kumpa achague upya, na sababu ya kumpa nafasi hiyo mkaitaja kadiri mtakavyokubaliana. Mtapoteza nini mkifanya hivyo? Mitamba mizuri itabaki mikononi mwenu, na huenda mkaiuza kwa machinjo baada ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa kwisha, kwa bei ndogo kuliko ya mbegu. Ni hasara, siifichi.

Kuhusu hofu ya kukosa wanunuzi, siwezi kukuahidi kwamba haitatimia. Wapo watakaosikia neno sugu wakakimbia. Wapo pia wanaorudi kwa muuzaji aliyewaambia namna ya kuangalia kope na kipimo cha mbuzi, kwa sababu wanyama wao hawakufa. Huyu binti anaanza. Kama atajua mapema, ana mambo ya kufanya ambayo ninyi mmeshachelewa kuyafanya kwa wepesi: mbuzi wake wale vichaka vya juu badala ya majani ya chini, kwa kuwa lava wengi hukaa sentimita chache tu kutoka ardhini, asifinye wanyama wengi eneo dogo, asianze kabisa desturi ya kunywesha wote kwa kalenda.

Yule beberu naye amenikaa akilini. Alikuja kabla ya mvua, na mvua zile zile watoto wakaanza kufa. Siwezi kusema ndiye aliyeleta minyoo hiyo. Miaka ya dozi za kila mwezi inatosha kuitengeneza hapo hapo kwenu, na aliyewauzia huenda hakujua lolote. Lakini mume wako mwenyewe ndiye aliyemtaja. Huenda kuna mlango hapo wa kuzungumza naye bila kumshtaki: siku ile mlipomchukua, angependa yule muuzaji awaambie nini? Ukimuuliza, usimjibie. Mpe muda wa kulifikiria hata kama ni siku mbili.

Na kabla ya kumuuliza kuhusu binti, pengine anza na lililo jepesi. Mwombe yeye ndiye ampigie daktari simu kupanga siku ya kipimo, yeye ndiye achague wanyama wa kupimwa, na yeye ashike daftari. Safari ile ya kwanza uliiita wewe. Hii ikiwa yake, majibu yakija atayasoma kama mwenye kundi, na huenda la binti mkalizungumza mkiwa upande mmoja wa meza. Kama mwisho wa mwezi utafika kabla majibu hayajatoka, niandikie tena, nitakujibu mapema.